Intaneti ya Dharura na Udhibiti wa Mtandao: Leseni, Programu na Setilaiti katika Juhudi za Serikali ya Marekani

Tarehe 23 Septemba 2022, wiki moja baada ya kifo cha Mahsa Amini aliyekuwa mikononi mwa polisi wa maadili jijini Tehran, Wizara ya Fedha ya Marekani ilitoa waraka mfupi uitwao Leseni ya Jumla D-2. Wakati huo maandamano yalikuwa yameenea katika miji mingi ya Iran. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imefunga Instagram na WhatsApp, na ilipofika jioni intaneti ya simu za mkononi ilizimwa kwa saa kadhaa. Waraka wa Washington haukupeleka mnara wala setilaiti. Ulichofanya ni kuziruhusu kampuni za Marekani kuwapatia Wairani huduma za mtandaoni ambazo sheria ya Marekani yenyewe ilikuwa imezizuia.

Leseni hiyo ni sehemu ya sera ambayo Serikali ya Marekani imeitekeleza kwa zaidi ya miaka kumi chini ya jina la uhuru wa intaneti. Sera hiyo ilielezwa kwa kirefu na Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Hillary Clinton, katika hotuba aliyoitoa jijini Washington tarehe 21 Januari 2010, na imeendelezwa na tawala za vyama vyote viwili vikuu vya nchi hiyo. Utekelezaji wake umepita katika njia tatu: kulegeza vikwazo vya kibiashara pale vinapomnyima raia wa kawaida mawasiliano, kugharamia programu za kukwepa udhibiti, na kupeleka au kuwezesha vifaa vya dharura pale mtandao unapokatika.

Njia ya tatu ndiyo inayozungumzwa zaidi, pengine kwa sababu maputo na visahani vya setilaiti hupendeza kwenye picha. Hata hivyo, kumbukumbu za miaka hiyo zinaonesha kuwa njia mbili za kwanza ndizo zilizowafikia watu wengi zaidi, na kwamba vifaa vya dharura hustawi hasa pale ambapo mamlaka za nchi husika zimeridhia.

Kuchuja na kuzima

Kuna mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kuchuja. Hapa mtandao upo, lakini baadhi ya anwani hazifunguki. Kompyuta au simu inapotafuta tovuti huuliza kwanza seva maalumu inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Seva hiyo ikiamriwa kutoa jibu la uongo, tovuti haionekani. Watoa huduma wanaweza pia kuagizwa kuzuia namba zenyewe, au kukagua data inayopita na kuitupa ile inayofanana na huduma iliyopigwa marufuku. Wakati mwingine kasi hupunguzwa tu, hadi picha na video zishindwe kupita huku ujumbe mfupi ukijikokota. Dhidi ya hatua hizi, programu za VPN na zinazofanana nazo husaidia, kwa kuwa huifunika safari ya data ili anayeikagua asijue inakoelekea.

La pili ni kuzima. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2011, watoa huduma wa Misri waliondoa kwa muda mfupi takriban njia 3,500 ambazo mitandao mingine duniani ilizitumia kuifikia nchi hiyo. Misri ikatoweka katika ramani ya intaneti hadi tarehe 2 Februari. Baadhi ya waliobaki na mawasiliano walitumia modemu za zamani kupiga simu za mezani nje ya nchi, ikiwemo kwa watoa huduma wa Ufaransa waliofungua namba kwa ajili yao.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wameziona hali zote mbili kwa karibu. Uganda ilipoanza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, Julai 2018, watumiaji wengi walipakua VPN na neno hilo likawa la kawaida mitaani Kampala. Mitandao ya kijamii ilipofungwa tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, wengi walizirudia programu zile zile. Lakini jioni iliyofuata intaneti nzima ilizimwa hadi tarehe 18, na VPN ikabaki alama tu kwenye kioo cha simu. Barabara ikifungwa, kubadili namba ya gari hakumfikishi mtu popote. Nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kuzimwa kwa aina hiyo kulidumu kwa takriban wiki tatu baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018.

Iran imejenga kitu kilicho katikati ya hali hizo mbili. Mtandao wake wa Taifa wa Habari huwezesha benki, ofisi na tovuti za ndani kuendelea kufanya kazi huku milango ya kwenda nje ikiwa imefungwa. Novemba 2019, baada ya bei ya petroli kupandishwa na maandamano kuzuka, shirika la NetBlocks linalofuatilia hali ya mitandao lilipima mawasiliano ya Iran na dunia kuwa takriban asilimia 5 ya kiwango cha kawaida. Hali hiyo ilidumu kwa karibu wiki moja. Kwa serikali inayotaka kudhibiti, faida ya mpango huo iko wazi: gharama ya kiuchumi ya kuzima hupungua, na kishawishi cha kuzima tena huongezeka.

Vikwazo vilivyomgeukia raia

Vikwazo vya Marekani dhidi ya Iran vilikusudiwa kuibana serikali na taasisi zake. Katika mtandao, mzigo wake mwingi ulimwangukia mtumiaji wa kawaida. Kampuni nyingi ziliogopa faini, hivyo zikafunga huduma hata pale ambapo sheria haikulazimisha. Julai 2019, jukwaa la GitHub, ambako waandishi wa programu duniani kote huhifadhi na kushirikiana kazi zao, liliwawekea mipaka watumiaji waliokuwa Iran, Syria na Crimea. Huduma kamili kwa Wairani ilirejea Januari 2021, baada ya kampuni hiyo kupata leseni maalumu ya Wizara ya Fedha.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mwandishi wa programu wa Tehran au Shiraz aliyekosa huduma ya kuhifadhi data ya kampuni ya nje alilazimika kuhamia kwa mtoa huduma wa ndani, mahali ambapo mamlaka za nchi yake zingeweza kumfuatilia. Serikali mbili zisizopatana zikajikuta zikimsukuma mtu yuleyule kuelekea upande mmoja.

Marekebisho yalianza Machi 2010. Wizara ya Fedha ilibadili kanuni za vikwazo dhidi ya Iran, Sudan na Cuba ili kuruhusu huduma za bure za barua pepe, kupiga gumzo na mitandao ya kijamii. Tarehe 30 Mei 2013 ikafuata Leseni ya Jumla D kwa Iran, iliyoongeza vifaa: simu za mkononi, kompyuta mpakato, modemu, programu za kuzuia virusi na zana za kukwepa udhibiti. Iliboreshwa Februari 2014 kwa toleo lililoitwa D-1. Kwa upande wa Sudan, ruhusa kama hiyo ya vifaa na programu ilitolewa Februari 2015, kabla ya vikwazo vingi vya kiuchumi dhidi ya nchi hiyo kuondolewa Oktoba 2017.

Tatizo la D-1 lilikuwa neno moja. Leseni hiyo iliruhusu huduma zinazohusu mawasiliano “binafsi”, na wanasheria wa kampuni walikuwa wakijiuliza namna ya kuthibitisha kuwa mawasiliano ya mteja ni ya binafsi kweli. Mteja anayetuma ankara kwa barua pepe, je, anafanya mawasiliano binafsi au biashara? Kampuni iliyoshindwa kujibu swali hilo iliona ni salama zaidi kukataa. Leseni ya D-2 ililiondoa sharti hilo. Ilitaja pia waziwazi huduma ambazo hazikuwa zikifikiriwa mwaka 2014, zikiwemo majukwaa ya mikutano ya video, masomo ya mtandaoni, ramani, tafsiri ya kompyuta na michezo ya mtandaoni, pamoja na huduma za kuhifadhi data zinazoyawezesha hayo yote. Mwaka 2024 masharti yake yaliingizwa katika kanuni za kudumu za vikwazo dhidi ya Iran.

Leseni, hata hivyo, huruhusu, hailazimishi. Kampuni inaweza kuendelea kukataa kwa kuona soko halina faida. Kadi ya benki ya Iran bado haiwezi kulipia huduma nyingi za nje, kwa sababu vikwazo vya kibenki havikuguswa. Mtu anaweza kuruhusiwa kununua VPN na bado asiwe na njia ya kuilipia, na hapo ndipo umuhimu wa programu za bure unapoonekana.

Programu zinazolipiwa na Serikali

Chanzo cha njia ya pili ni redio. Wakati wa vita baridi, matangazo ya Sauti ya Amerika na vituo dada yalikuwa yakizibwa kwa kelele za makusudi katika masafa mafupi, na wahandisi walitafuta masafa mengine ya kupenyea. Wasikilizaji walipohamia mtandaoni, tovuti za vituo hivyo zilifungwa katika nchi kama China na Iran. Mamlaka ya utangazaji wa kimataifa ya Marekani, ambayo leo hufahamika kwa kifupi cha USAGM, ikaanza mapema miaka ya 2000 kulipia njia za kompyuta za kuwafikisha wasomaji hao kwenye habari.

Mwaka 2012 kazi hiyo ilipata chombo chake, Open Technology Fund, kinachojulikana kwa kifupi cha OTF. Kilianza kama programu ndani ya Radio Free Asia, kikawa shirika lisilo la kiserikali linalojitegemea mwaka 2019, na kikatambuliwa katika sheria ya ulinzi iliyoanza kutumika Januari 2021. OTF haiandiki programu zote yenyewe. Hutoa fedha kwa vikundi vya wataalamu, na hulipia ukaguzi huru wa usalama wa kazi zao.

Miongoni mwa programu zilizonufaika na fedha za Serikali ya Marekani, Tor ndiyo yenye historia ndefu zaidi. Wazo lake la kupitisha data katika vituo kadhaa, kila kituo kikijua tu kilichotangulia na kinachofuata, lilibuniwa katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani katikati ya miaka ya 1990. Shirika linaloiendesha lilianzishwa mwaka 2006. Psiphon ilitokana na kazi ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, Canada. Snowflake, iliyo sehemu ya Tor, hutumia vivinjari vya watu wa kujitolea walio katika nchi zisizo na udhibiti: mtu anafungua kivinjari chake Nairobi au Berlin, na kwa muda mfupi kinakuwa daraja la kumvusha mtu aliye Tehran. Madaraja hayo ni mengi na hubadilika kila wakati, hivyo kuyafunga yote ni kazi ngumu.

Programu nyingine ya kundi hilo imefika mbali kuliko wengi wanavyofahamu. Kati ya mwaka 2013 na 2016, OTF ilitoa karibu dola milioni 3 kwa waandaaji wa Signal. Njia yao ya usimbaji, inayoufanya ujumbe usomeke na mtumaji na mpokeaji pekee, iliwekwa katika WhatsApp na kukamilika Aprili 2016. Mkazi wa Mwanza, Mombasa au Bujumbura anayetuma salamu kwa WhatsApp hulindwa na kazi hiyo, ingawa hakuwahi kusikia habari za udhibiti wa Tehran.

Swali ambalo mtumiaji yeyote makini huuliza ni kwa nini aiamini programu iliyolipiwa na serikali ya kigeni. Swali hilo lina uzito. Nyaraka zilizofichuliwa na Edward Snowden na kuchapishwa mwaka 2013 zilionesha kuwa Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani lilikuwa likijaribu kuwatambua watumiaji wa Tor, wakati taasisi nyingine za serikali hiyohiyo zikiigharamia. Jibu lililotolewa ni la kiufundi: programu hizo ni huria, maandishi yake yote yamewekwa hadharani, na mtaalamu wa nchi yoyote anaweza kuyasoma na kutafuta mlango wa siri. Jibu hilo halimtoshelezi kila mtu, ila ni bora kuliko ahadi.

Jambo lisilofahamika sana ni gharama za kuendesha. Kila video anayoitazama mtumiaji wa VPN ya bure hupita katika seva ambayo mtu fulani anailipia. Siku za kawaida bajeti hutosha. Serikali inapofunga mitandao ghafla, mamilioni hupakua programu hizo ndani ya siku chache, na ankara hupanda wakati uleule ambapo kuzima huduma kungekuwa na madhara makubwa zaidi. Kwa maelezo ya OTF, zana ilizozigharamia zilikuwa na watumiaji takriban milioni 9 kwa mwezi kabla ya mwaka 2022, na zaidi ya milioni 46 kufikia mwaka 2024. Septemba mwaka huo, Ikulu ya Marekani iliwakutanisha wawakilishi wa kampuni zikiwemo Amazon, Google, Microsoft na Cloudflare na kuziomba zitoe uwezo wa seva bure au kwa bei nafuu kwa ajili ya programu hizo.

Mkoba, puto na kisahani

Mwaka 2011, baada ya tukio la Misri, ilifahamika kuwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imetoa dola milioni 2 kwa taasisi ya New America ili kuunda kile ambacho magazeti yalikiita intaneti ya mkobani. Ndani yake palikuwa na kompyuta na visambaza mawimbi vidogo vinavyoungana vyenyewe na kuunda mtandao wa mtaa bila kutegemea kampuni ya simu. Mradi huo uliitwa Commotion na ulijaribiwa katika mji mdogo wa Sayada, Tunisia.

Jaribio lake lililokumbukwa zaidi lilifanyika nyumbani. Mtandao wa namna hiyo ulikuwa umewekwa katika mtaa wa Red Hook, Brooklyn, jijini New York. Kimbunga Sandy kilipopiga Oktoba 2012 na mawasiliano ya kawaida kukatika, mtandao huo mdogo uliendelea kufanya kazi, na idara ya shirikisho ya maafa ikauunganisha na setilaiti ili wakazi waombe misaada. Teknolojia iliyoandaliwa kwa ajili ya waandamanaji wa nchi za mbali ikawa msaada kwa raia wa Marekani waliokuwa gizani.

Maputo yana simulizi inayofanana. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, zaidi ya asilimia 95 ya minara ya simu ilinyamaza. Mwanzoni mwa Oktoba, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano iliupa ruhusa ya majaribio mradi wa Loon, uliokuwa chini ya mmiliki wa Google, kurusha maputo yanayoelea takriban kilomita 20 juu ya ardhi na kutoa mawimbi ya simu. Loon haikuweza kufanya kazi peke yake. Ililazimika kutumia masafa na mitambo ya kampuni za simu zilizokuwa na wateja kisiwani.

Ni maputo hayohayo yaliyofika Kenya. Julai 2020 Loon na Telkom Kenya walizindua huduma ya biashara kwa takriban maputo 35, yaliyolenga eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 la magharibi na katikati ya nchi. Januari 2021 kampuni ilitangaza kufunga shughuli zake kwa kushindwa kupunguza gharama.

Miezi sita baadaye, tarehe 11 Julai 2021, maelfu ya Wacuba waliingia mitaani, na mitandao ya kijamii pamoja na WhatsApp ikabanwa kupitia ETECSA, kampuni ya serikali inayohodhi mawasiliano ya nchi hiyo. Wanasiasa wa Florida walipendekeza maputo. Rais Joe Biden alisema Serikali yake inachunguza kama ina uwezo wa kiteknolojia wa kurejesha huduma hiyo. Hakuna puto lililorushwa. Maputo ya Puerto Rico na Kenya yalifanya kazi kwa sababu mamlaka ilitoa ruhusa ya masafa na kampuni ya simu ilikubali kuyaunganisha. Juu ya Cuba yote hayo yangekosekana, na mawimbi yake yangeweza kuzibwa kutoka ardhini kama ilivyokuwa kwa redio. Kilichotoka Washington Agosti mwaka huo kilikuwa waraka wa kuzikumbusha kampuni ni huduma zipi tayari zinaruhusiwa kisheria.

Kwa Cuba, mgongano wa malengo ndani ya Serikali ya Marekani ulionekana wazi Novemba 2022. Kampuni moja iliomba kibali cha kuunganisha kisiwa hicho na Marekani moja kwa moja kwa mkongo wa chini ya bahari. Jopo la serikali linaloongozwa na Wizara ya Sheria lilipendekeza ombi likataliwe, kwa hoja kwamba serikali ya Cuba, kupitia ETECSA, ingeweza kuutumia mkongo huo kupata taarifa za Wamarekani. Hoja ya usalama ina mantiki yake. Lakini aliyeahidiwa intaneti mwaka 2021 alinyimwa mkongo mwaka uliofuata.

Ukraine ndiyo mfano wa upande wa pili. Saa chache kabla na wakati wa uvamizi wa Urusi wa tarehe 24 Februari 2022, shambulio la kimtandao liliharibu maelfu ya modemu za setilaiti za mtandao wa KA-SAT wa kampuni ya Viasat, na athari zake zikafika hadi Ujerumani, ambako mitambo ya umeme wa upepo ilipoteza mawasiliano ya ufuatiliaji. Siku mbili baadaye, Waziri wa Mabadiliko ya Kidijitali wa Ukraine, Mykhailo Fedorov, aliomba hadharani huduma ya Starlink, na ikawashwa. Mwanzoni mwa Aprili, Shirika la Misaada la Marekani, USAID, lilitangaza kuwa vifaa 5,000 vimefikishwa nchini humo kwa ushirikiano na SpaceX. Viliingia mipakani kwa magari, vikapokelewa na serikali na kugawanywa kwa hospitali, ofisi na wanajeshi.

Kifaa hichohicho kikienda Iran huwa ni bidhaa ya magendo. Mmiliki wa SpaceX, Elon Musk, alitangaza Septemba 2022 kuwasha huduma juu ya nchi hiyo, lakini mawimbi kutoka angani hayamfai mtu asiye na kisahani. Visahani vimekuwa vikiingizwa kwa siri kupitia nchi jirani na kuuzwa kwa bei ambayo mwananchi wa kipato cha kawaida haimudu. Iran ililalamika pia mbele ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ambao bodi yake ya kanuni za redio ilikubaliana nayo kwamba huduma isiyo na kibali cha nchi husika inakiuka kanuni, na ikazitaka Marekani na Norway, nchi zilizosajili setilaiti hizo, zichukue hatua. Kanuni hizo ndizo zinazoilinda nchi yoyote, ikiwemo ya Afrika Mashariki, dhidi ya mtu wa nje anayetaka kutumia masafa yake bila ruhusa. Haziulizi kama kinachozuiwa ni biashara au habari.

Ipo njia nyingine isiyo na makeke. Shirika la NetFreedom Pioneers la Marekani lilibuni mfumo uitwao Toosheh, unaopitisha mafaili ndani ya matangazo ya kawaida ya televisheni ya setilaiti. Mwenye dishi hurekodi chaneli hiyo kwenye flashi, kisha programu ya kompyuta huyatoa makala, video na zana zilizofichwa humo. Mfumo huu hauwezi kutuma chochote. Hata hivyo, kwa kuwa hupokea tu, hauachi alama ya nani amepokea, na madishi yako juu ya mapaa mengi ya Iran.

Ushirikiano wa nchi na hali ya mwaka 2025

Desemba 2011, jijini The Hague, kundi la nchi lilianzisha Muungano wa Uhuru Mtandaoni, ili kuratibu misimamo na misaada kwa wanaobanwa. Kenya ilikuwa miongoni mwa wanachama wa mapema kutoka Afrika, na mkutano wa pili wa muungano huo ulifanyika Nairobi Septemba 2012. Kenya iliunga mkono pia Azimio la Mustakabali wa Intaneti lililotolewa tarehe 28 Aprili 2022, ambalo linazitaka nchi zijiepushe na kuzima mtandao. Tamko la aina hiyo halina mahakama ya kulisimamia. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, wafuatiliaji wa mitandao walirekodi kushuka kwa kiasi kikubwa kwa mawasiliano ya intaneti nchini Kenya.

Katika Marekani yenyewe, mwaka 2025 ulileta mtikisiko. Machi mwaka huo amri ya Rais iliagiza USAGM ipunguzwe hadi kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria. Matangazo ya Sauti ya Amerika, yakiwemo ya idhaa ya Kiswahili, yalisimama, na OTF ikaarifiwa kuwa ruzuku yake imekatizwa. Shirika hilo lilifungua kesi, na barua ya kukatiza ruzuku ikaondolewa. Kutambuliwa katika sheria, jambo lililoonekana la kiutawala tu mwaka 2021, ndiko kulikokuwa msingi wa hoja yake mahakamani. USAID, iliyopeleka vifaa Ukraine, ilifungwa tarehe 1 Julai 2025 na kazi zake zilizobaki kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje.

Juni 2025, wakati wa vita vya siku 12 kati ya Israel na Iran, intaneti ya Iran ilizimwa karibu yote kwa siku kadhaa. Musk alitangaza tena kuwa mawimbi ya Starlink yako wazi. Bunge la Iran nalo likapitisha muswada wa kuharamisha matumizi ya vifaa vya intaneti visivyo na kibali, Starlink ikitajwa kwa jina, na adhabu zake zikiwemo kifungo. Intaneti ilipoanza kurejea mwishoni mwa mwezi, ilirejea ikiwa imechujwa kama awali, na Wairani wengi wakaziwasha tena VPN zilezile walizokuwa nazo kabla ya vita.